Baba Haoni, Lakini Alijua Mwisho wa Kila Kitabu

Baba yangu haoni.

Naanza na hilo ili tusije tukabishana huko mbele.

Presha ya macho ilimnyang'anya jicho la kulia, ikarudi kuchukua la kushoto. Leo hata ukimmulika taa usoni hapepesi. Mtaa mzima unajua.

Sasa niambieni, mtu asiyeona anawezaje kukueleza mwisho wa kitabu ulichokinunua leo leo, kikiwa bado kwenye nailoni yake?

Hilo ndilo lililonikuta. Na lilinikera mpaka nikakonda.

Mimi ni msomaji. Si wale wa kupiga picha kitabu kando ya kikombe cha kahawa halafu basi. Nasoma kweli. Kazi yangu ni kaunta kwenye duka la dobi: napokea nguo, nabandika namba, natoa nguo. Kati ya mteja na mteja, nasoma. Bosi alishakata tamaa na mimi. Siku hizi anasema tu, "Ukimaliza hiyo sura, kuna mtu hapa anataka shati lake."

Nina ukurasa mtandaoni ambako nachambua vitabu. Kila mwisho wa wiki natangaza ninachokwenda kusoma, nikimaliza naandika nilichokiona. Kizuri nasema kizuri. Kibovu nasema kibovu, sioni haya. Waandishi kadhaa wamenifungia. Wafuasi wangu waliniita Panya wa Vitabu, na jina likanikaa.

Naishi na baba. Zamani alikuwa fundi saa, mtu wa kushika skrubu ndogo kuliko punje ya sukari. Macho yalipoondoka, kazi ikaondoka.

Na mama akaondoka.

Hilo la mama, mimi na mdogo wangu wa kiume tulilijua hivi: aliona mzigo unakuja, akafungasha. Akahamia kwa dada yake. Tulipomuuliza baba, alitupa neno moja tu.

"Kaondoka."

Basi. Yaliyobaki tukajijazia wenyewe. Simu za mama hatukupokea, mwishowe zikakoma. Mdogo wangu alipooa, kiti cha mama mzazi alikikalia shangazi. Mama hakupelekewa hata salamu.

Tuendelee.

Jioni tukishakula, namsomea baba. Lilikuwa wazo langu, nikidhani nitashukuriwa. Thubutu!

"Huyu mwandishi analipwa kwa kilo?"

"Hiki ni kitabu au tangazo la msiba? Lete kingine."

Kila nilichochagua, kilikuwa na kasoro. Unamaliza siku nzima umesimama, unarudi nyumbani koo limekauka, unasoma kwa sauti, halafu mzee anakuna kidevu na kusema, "Tupa huko." Nikavumilia. Mzazi ni mzazi.

Halafu vikaanza vituko.

Siku hiyo nilimletea riwaya ya upelelezi. Jina nalihifadhi, maana mwandishi wake bado ana kinyongo na mimi. Nilichana nailoni mbele yake, nikaanza. Tuko sura ya pili, maiti hata haijapoa, baba akasema:

"Muuaji ni daktari wa meno."

"Baba, humu hakuna daktari wa meno."

"Atakuja. Na mwisho wake umeharakishwa, kama mwandishi alikuwa anawahi basi."

Nikacheka. Nikafunua kurasa za mwisho, macho yakanitoka. Daktari wa meno! Tena kakamatwa harakaharaka kwenye kurasa mbili, kama mwandishi alikuwa anawahi basi.

"Umejuaje?"

"Mtu ukiishi sana unajua mambo."

Nikasema sawa, kabahatisha.

Kitabu kilichofuata kilikuwa cha familia moja iliyohamia machimboni. Nasoma sehemu tamu kabisa, mtoto anacheza na mbwa, anacheka. Natupa jicho kwa baba, namkuta anafuta machozi.

"Baba, vipi tena?"

"Huyu mtoto wangemwacha tu akue."

Mtoto alikufa sura ya kumi.

Hebu fikiria wewe ndiye mimi. Wewe ndiye unayejulikana kwa vitabu, una wafuasi, unaheshimika, halafu mzee asiyeona anakumalizia utamu kila siku. Nilikuwa nalala nimenuna.

Cha tatu ndicho kilichonimaliza. Riwaya ya mapenzi. Nikafika mahali wahusika wanaingia chumbani na mlango unafungwa. Jamani, yule ni baba yangu! Nikaruka aya, nikaendelea na asubuhi yake, wanakunywa chai.

"Umeruka," baba akasema.

"Nimeruka nini?"

"Hapo walipofunga mlango. Kuna aya nzima, tena ndefu."

Nilitamani sakafu inimeze.

"Baba, wewe umejuaje kama kuna aya?"

Akakohoa kikohozi cha uongo. "Sauti yako ndiyo iliyoruka."

Nikampigia shangazi nimweleze. Shangazi akapiga kelele ya furaha.

"Kaka yangu kafunuliwa! Amepewa macho ya rohoni!"

"Shangazi, macho ya rohoni yanasoma riwaya za mapenzi?"

Akakata simu.

Nikamgeukia dada wa kazi, anayeshinda na baba mchana. Nikamuuliza kama kuna redio inayosoma vitabu, au jirani anayekuja, au chochote.

"Mimi, dada, najua jikoni tu," akajibu, huku anasugua sufuria ambayo ilishang'aa kitambo.

Hapo nikajua ananificha. Lakini ananificha nini?

Jibu lilianza kuchungulia kwenye ukurasa wangu. Nilikuwa napitia maoni ya zamani nikiwa kaunta. Chini ya tangazo la ile riwaya ya upelelezi, kabla mimi sijaandika neno lolote la uchambuzi, kuna mtu aliandika hivi: "Kizuri, ila mwisho wake umeharakishwa, kama mwandishi alikuwa anawahi basi."

Neno kwa neno!

Akaunti haina picha. Inajiita Msomaji wa Dirishani. Nikafukua maoni yake yote. Alikuwapo muda mrefu, mpole, hagombani na mtu. Mahali pengine kaniandikia, "Umechoka siku hizi, sentensi zako zimekuwa fupi. Pumzika." Nilidhani ni mfuasi tu mwenye huruma.

Nikaamua kutega mtego.

Mwisho wa wiki ule nikatangaza kitabu kimoja, kumbe nimenunua kingine kabisa. Siku mbili baadaye, jioni, nikakaa, nikaanza kusoma. Baba kimya. Hatabiri, hakosoi, hajui muuaji wala marehemu. Anageuzageuza shingo tu kama mtu aliyeingia nyumba siyo.

Mwishowe akashindwa. "Mbona si kile ulichosema?"

"Nilikwambia nini, baba?"

Akakuna kidevu.

"Maana sikukwambia kitu. Niliandika mtandaoni tu."

"Nina usingizi," akasema, akanyanyuka, akapapasa ukuta kuelekea chumbani. Jua ndiyo kwanza limezama.

Kwa hiyo kulikuwa na mtu. Anafuata ukurasa wangu, ananunua kitabu nilichotangaza, anakuja ndani ya nyumba yetu mchana nisipokuwapo, anamsomea baba yangu kabla yangu. Nani? Na kwa nini kwa kujificha? Damu ilinichemka. Nikawaza matapeli. Nikawaza mwanamke anayemnyemelea mzee kwa ajili ya nyumba. Usicheke, dunia hii kila kitu kipo.

Kesho yake nikamwomba bosi ruhusa, nikarudi nyumbani mchana.

Dada wa kazi alikuwa anaanika nguo uani. Aliponiona, kanga ikamponyoka mkononi. Nikaweka kidole mdomoni kumnyamazisha, nikapita.

Mlango wa sebuleni ulikuwa umerudishwa tu. Nikasikia sauti inasoma, polepole, inapumzika kwenye nukta, inabadilika kila mhusika anapozungumza. Baba anacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka vile tangu macho yake yalipozima.

Sauti ile ndiyo iliyonifundisha kusoma.

Nikasukuma mlango.

Mama alikuwa amekaa kwenye kochi langu, miwani puani, ameshika kile kitabu nilichotangaza kwa uongo. Kazeeka. Hakushtuka. Alikifunga kitabu, kidole kikiwa katikati asipoteze alipofika.

"Karibu mwanangu," akasema.

Karibu! Nyumbani kwangu!

"Nani kakufungulia?"

"Mimi," baba akadakia.

"Wewe? Huyu aliyekuacha ukiwa unapapasa kuta?" Nilikuwa napiga kelele, najua. "Macho yalipokuwa yanaisha alikuwa wapi? Leo anakuja kutusomea riwaya?"

Mama alimtazama baba.

"Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Baba watoto, usinichezee. Mwambie, au nimalize sura hii niondoke, nisirudi tena."

Baba akakunja mikono, akaikunjua.

"Hakuniacha," akasema. "Nilimfukuza."

Nikakaa chini, sakafuni hapohapo.

"Sikutaka anione navaa shati kichwa chini. Sikutaka kulishwa na mke wangu kama kifaranga. Nikamwambia nenda. Akakataa. Nikamtolea maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele yako. Nikaweka mabegi yake nje, ninyi hamkuwapo."

"Na sisi ukatuambia kaondoka."

"Si aliondoka?"

Hapo nilitaka kuvunja kitu. Kweli tupu, mabegi yalikuwa nje, naye aliondoka! Neno moja la kweli, na uongo wa miaka yote ukaning'inia juu yake.

"Na wewe mama! Una mdomo. Kwa nini hukusema?"

"Nilipiga simu, mwanangu. Hamkupokea." Aliivua miwani, akaifuta kwa upande wa gauni. "Baadaye nikasema, nikiwaambia, watamchukia baba yao, na yeye sasa hana mwingine. Mimi nina dada yangu. Nikangoja aseme mwenyewe."

"Hakusema."

"Hakusema."

Nikamuuliza imekuwaje akarudi. Akaeleza kwamba kuna siku niliandika mtandaoni kuwa nina msikilizaji mmoja tu nyumbani, haoni, na kila ninachomsomea hakipendi. Alikuwa ananifuata kitambo, kwa lile jina la Msomaji wa Dirishani. Aliposoma hayo akatafuta kitabu, akaja. Baba akamtimua kupitia mlango uliofungwa. Kesho yake akarudi, akasimama nje ya dirisha, akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma kwa sauti.

"Kwenye jua?" nikauliza.

"Na mwavuli."

"Majirani walikuwa wanapita," baba akalalamika. "Nikamwambia dada mfungulie, huyu mwanamke atanitia aibu."

"Muongo," mama akasema. "Uliniita nilipofika mahali pazuri, nikanyamaza makusudi."

Walikuwa wanataniana! Mimi niko sakafuni, kifua kinawaka, wao wanataniana.

"Lakini kwa nini vitabu vyangu?" nikamuuliza. "Dunia imejaa vitabu. Kwa nini unisomee mbele, unimalizie?"

Mama alirudisha miwani puani.

"Sikuwa na njia nyingine ya kukaa na wewe. Nikijua unasoma kitabu fulani wiki hii, na mimi nasoma hichohicho, nilikuwa naona kama tumekaa pamoja. Huyu nilimwambia afunge mdomo wake. Haujui kufungwa."

Sikumkumbatia. Najua mnangoja hapo. Nilienda jikoni nikanywa maji, nikalia nikiwa nimesimama, dada wa kazi akanipa taulo la vyombo nifute uso.

Ndipo hasira ilipokuja vizuri. Mzee huyu! Jina la muuaji wa kitabuni lilimshinda kulihifadhi hata jioni moja. Hili la mama alilibana miaka yote, watoto wake wanamlaani mama yao mbele yake, yeye anakula, anatikisa kichwa.

Nikampigia mdogo wangu, nikamweleza yote.

Kisha akauliza, "Na harusi yangu je?"

Nikarudi sebuleni, nikaweka simu kwenye kiganja cha baba.

"Anauliza, na harusi yake je? Hilo mjibu wewe."

Baba akaipeleka simu sikioni. "Mwanangu," akasema. Akakwama hapo. Akarudia, "Mwanangu." Mama hakumsaidia. Mimi sikumsaidia. Alikaa na lile swali, na mara ya kwanza katika maisha yangu nikamwona fundi saa hajui pa kuanzia.

Mdogo wangu bado hajaja. Mama hakurudi kuishi nasi. Anasema amezoea kitanda chake. Anakuja mchana, anasoma, jioni ananingoja nifike ndipo aondoke. Wakati mwingine tunabishana juu ya kitabu, wakati mwingine tunakaa tu. Na baba siku hizi namsomea kwa ukali kidogo. Sijapoa, sitawadanganya.

Ila nimejifunza hili, nanyi lichukueni. Ukiambiwa fulani aliondoka akaacha watu wake, usikimbilie kumlaani. Uliza kwanza mlango ulifungwa na nani, na muulize aliyeondoka, si aliyebaki tu. Aliyebaki ana nafasi ya kusimulia kila siku mezani. Aliyeondoka ana simu ambayo hamtaki kuipokea.

Pokeeni.