Mafuta ya Kokwa

Ngozi yangu ya siku hizi haitaki mchezo. Nikisugua sufuria kwa nguvu, mkono unachanika. Maji ya moto siyagusi tena. Naoga ya vuguvugu, sabuni kidogo kwapani na miguuni, basi, na mafuta napaka mwili ungali na majimaji. Nikienda soko navaa mikono mirefu na kitambaa kichwani, hata jua likiwa bado la saa mbili. Wasichana wa jirani wananicheka: «Bibi anajifunika sawa bibi-arusi!» Wacheke. Mimi pia nilicheka watu, tena kwa mdomo mpana kuliko wao.

Kwa umri wangu kila mwanamke anakauka, najua. Lakini mimi nilijikausha mwenyewe. Nilianza kujichubua nikiwa na miaka ishirini. Losyo zilifika na ndege, nikachanganya mbili tatu kiganjani, nikawa mweupe uso na shingo. Vidole, aa, vidole vilikataa: viungo vyote vilibaki vyeusi, kila mtu akaona ujinga wangu nikimpa mkono.

Mama yangu maisha yake yote alipaka mafuta ya kokwa tu. Ukishakamua mawese, kokwa za ngazi, yale matunda ya mchikichi, zinabaki. Unazivunja kwa jiwe moja moja, unakaanga kiini mpaka kiwe cheusi, unatwanga, unachemsha, na mafuta yanaelea juu, meusi, yenye harufu ya moshi. Kwetu mtoto akizaliwa, hayo njo mafuta ya kwanza anayopakwa. «Mutoto yangu,» mama aliniambia, «ngozi njo nguo ya Mungu. Ikipasuka, fundi wa kuishona hakuna.» Nikamjibu kwamba mafuta yake yananuka jiko. Nilikuwa na ulimi, mimi.

Halafu vita ikaja. Mji ulizungukwa: askari ndani, wapiganaji porini, na sisi raia katikati. Treni ilikatika. Ukienda shambani, wa porini wanakuita mpelelezi wa mji; ukirudi, wa mjini wanakuita mpelelezi wa pori. Tulikula majani ya muhogo bila chumvi na bila tone la mafuta. Nyumbani tulikuwa watatu, mama, mimi, na mdogo wangu wa kike wa miaka tisa.

Losyo nazo ziliisha. Ngozi iliyozoea dawa zile, ukiiachisha ghafla, inalipiza. Uso ulinivimba, ukatoka magamba, shingo ikawaka kama nimepakwa pilipili. Watu wanazikwa kila siku, na mimi, mwanamke mzima wa miaka thelathini, nalilia uso. Asubuhi moja nilimpigia mama kelele. Eti angalau angekuwa na yale mafuta yake, lakini hata hayo hana, sasa huyu ni mama gani? Nilisema hivyo, kwa kinywa hiki. Asubuhi ileile mdogo wangu naye alikuwa analia njaa kwenye mkeka, kwa sauti ndogo, bila kumlaumu mtu.

 Mdogo wangu alipotoka na ndoo kwenda kuchota maji, mama alijifunga kikwembe, akachukua kikapo. Akaniambia kwamba pale alipozoea kukamulia mawese, nyuma ya nyumba za mwisho za mtaa wa Mikelenge, lazima kokwa za zamani ziko bado chini ya miti. «Nitarudi mbele ya jua kuwa kali,» alisema. Sikumzuia. Nilimwambia afanye mbio.

Alasiri jirani yetu, mwanaume aliyekuwa amejificha kwenda kung'oa mihogo ya shamba lake mwenyewe, alirudi na kikapo cha mama. Mama walikuwa wamempiga risasi. Ni nani, hatujui mpaka leo. Jirani alimzika palepale kwa panga na mikono, akamsomea dua aliyoijua. Kikapo kilijaa nusu. Kokwa tu, hakuna hata jani moja la kuliwa. Nilikitazama, nikaelewa kwamba yeyote atakayekiona ataelewa. Nikakimwaga chooni.

Mdogo wangu alikuta watu wamejaa uani. Nilimwambia mama alikuwa ameenda kututafutia chakula. Akaniuliza mimi dada yake kama yeye ndiye sababu: «Yaya, ni juu ya kilio changu?»

Sikusema ndiyo. Hapana nayo sikusema. Nilimkumbatia tu, na kila mtu aliyetuona alisema huyu dada ana moyo.

Mungu wangu, nilimwacha mtoto wa miaka tisa abebe maiti iliyokuwa mzigo wangu mimi! Tangu siku hiyo sijawahi kusikia neno njaa kinywani mwake. Leo yeye ni bibi mwenye wajukuu, na bado kwenye kila sherehe anakula wa mwisho, anakwangua sufuria. Mwezi wa Ramadhani watu wanamsifu kwa subira yake. Mimi nikiwasikia natoka nje.

Ngozi yangu iliponishinda kabisa, njo yeye alinirudisha kwenye mafuta ya mama. Anayatengeneza mwenyewe, anavunja kokwa kwa jiwe, na kila Ijumaa baada ya msikiti anakuja kunipaka mgongo, maana bega langu limegoma na mkono haufiki tena. Ana kiganja cha mama, kizito na cha moto. Na kila mara anasema maneno yaleyale: «Maskini mama. Alikufa kwa sababu ya tumbo yangu.» Miaka yote hiyo nilinyamaza, nikiangalia ukuta.

Ijumaa moja sikuweza tena. Labda ni uzee, labda harufu ya mafuta. Nilisema bila kugeuka. Nilimwambia habari ya uso wangu, matusi yangu, kikapo, kokwa, choo. Nilimwambia, «Chakula hakikuwamo hata kidogo. Haikuwa wewe. Ni mimi.»

Kiganja kilisimama mgongoni. Nikafikiri atanipiga, na kweli ya Mungu nilitamani anipige. Akakiondoa. Nikamsikia akijifuta mikono kwenye kikwembe chake.

«Yaya,» alisema, «niko na njaa.»

Nilimletea ugali na sombe, yale majani ya muhogo, yote iliyokuwa jikoni, na samaki niliyemweka kwa ajili ya jioni. Alikula chini kwenye mkeka, amenipa mgongo. Alikula polepole na hakubakiza kitu. Alinawa, akavaa viatu. Mlangoni alisema, «Nilikuwa na miaka tisa,» akaenda.

Ijumaa tatu zimepita, hajaja. Ameacha chupa ya mafuta, iko karibu nusu. Usoni napaka, mikononi napaka, miguuni nainama polepole napaka. Kila Ijumaa nimepika mapema na kumwekea sahani yake kwanza, ya wengine baadaye. Binti wa jirani alijitolea kunipaka mgongo, nikamwambia asante, hapana. Unawasha sana, na ngozi imeanza kupasuka katikati, pale nisipofika.