Maji ya Betri kwenye Shingo ya Punda

Punda wangu yu hai. Kila akinibebea maji hapa Nangara, namshukuru Mungu na daktari wa mifugo. Baba Zawadi, jirani yangu, simshukuru hata kidogo. Uvimbe ulipomwota punda shingoni, ni yeye aliyeniambia, "Ukikatwa utasambaa. Pakaza maji ya betri, uungue wenyewe."

Nikamwamini, mimi niliyepona uvimbe wa titi kwa kisu cha hospitali!

Nilipopakaza tu, punda akaruka, kopo la maji hayo likanipindukia, shingo ikaungua vibaya. Nikaona namuua, nikampigia daktari. Alipofika, alisema uvimbe mwingine hutibiwa kwa dawa ya kupaka, ila huu ni wa kukata. Akampiga ganzi, akautoa wote. Kisha akauliza, "Na huku pembeni ameunguzwa na nini?"

"Mwiba, daktari. Amejikwaruza."

Majirani waliokuja kutazama wakaangua kicheko, Baba Zawadi akiwashinda wote. Nikajitazama. Sketi yangu ilikuwa imetoboka kama chekeche, shimizi nyekundu inachungulia.

Daktari akasema kwa upole, "Pole, Mama Neema. Naona mwiba umekukwaruza na wewe."