Nguzo ya Sita ya Banda la Gari

Mume wangu alijenga banda la gari kabla hatujawa na gari. Majirani wa mtaa wetu wa Jamhuri, Nairobi, walicheka, na mimi nikacheka nao, nikidhani ni mzaha. Karani wa kwenda kazini kwa baiskeli, mtu wa kugombana nami juu ya sukari, anapima mashimo sita kando ya nyumba kama anayetaka kuzika ng'ombe.

Nikamuuliza, "Baba watoto, hii ni nyumba ya kuku?"

"Ya gari."

"Gari la nani?"

"Wewe ngoja tu, mama."

Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la tatu, na haya nayaandika mwenyewe polepole. Majina ya watu wote wa habari hii ninayo kichwani, hata la baba yake fundi. Sitayaandika. Wengi wao wamelala, na watoto wao bado wananisalimia vizuri.

Ilikuwa miaka ya sitini ikielekea kwisha. Ofisi za mjini zilikuwa zimejaa watu wetu waliokalia viti vya Wazungu, na siku zile kiti bila gari kilionekana kama kiti cha kuazima. Mume wangu alikuwa akirudi jioni akinihesabia nani kanunua gari, la rangi gani, na mke wake anakaa mbele au nyuma. Nilimsikiliza huku nachambua mboga. Sikujua maneno hayo yalikuwa yanamla.

Fundi alitoka Kinoo. Alikuwa mzee mfupi, Mkikuyu, mwenye kofia aliyoivaa jua na mvua, na kazi yake ilikuwa safi. Alichimba mashimo ya kina cha mkono mpaka begani, akaweka mawe chini, akasimamisha nguzo tatu huku na tatu kule. Mabati aliyainamisha upande wa nyuma ili maji ya mvua yaende kwenye sukuma wiki yangu, na hilo lilinifurahisha kuliko gari lenyewe. Miguu ya nguzo aliipaka oili chafu ya gari ili mchwa wasiile. Kisha nguzo zote akazipaka chokaa, juu mpaka chini, banda likawaka weupe kama nguo ya ubatizo.

Siku aliyosimamisha nguzo ya mwisho nilikuwa Kangemi sokoni. Niliporudi nilikuta kazi imekwisha. Niliona ile ya sita ganda lake ni nene, lina magamba chini ya chokaa, na haikuwa na oili mguuni.

"Fundi, hii umeisahau?"

"Oili iliisha, mama. Lakini hii haina shida. Hii mti haiozi. Hata ukiizika kichwa chini, haiozi."

Nikamwamini. Nilisema moyoni, hiyo ni miti yao, wao ndio wanaijua.

Pasaka mume wangu akasema anakwenda nyumbani magharibi kumwona mjomba wake mgonjwa. Alikwenda peke yake. Alirudi amechangamka, ananiletea ndizi mbivu, anapiga mluzi. Wiki mbili baadaye akaingia uani na gari. Lilikuwa dogo, la rangi ya udongo, limetumika, lakini linang'aa. Watoto walilizunguka wakilishika kwa kidole kimoja kimoja. Mimi nilibaki mlangoni, kwa sababu hesabu ilikataa. Mtu hawezi kutoka kwenye baiskeli mpaka kwenye gari kwa mshahara ule. Na tulichokuwa nacho duniani cha kuuza kilikuwa kimoja tu, shamba lake la urithi kule nyumbani.

Shamba hilo, wasomaji wangu, halikuwa kubwa. Lakini mtoto wetu wa kwanza amelala pale. Alikufa akiwa na miezi minane, kabla hatujaja Nairobi, tukamzika kando ya nyumba yetu ya udongo. Nyumba yenyewe ilianguka baadaye, lakini yeye alikuwa pale, na mimi nilijua siku moja nitarudi kukaa karibu naye. Hilo ndilo lililokuwa likinifanya nivumilie baridi ya Nairobi.

Basi watoto walipoingia ndani nilimfuata bandani. Alikuwa anafuta kioo kwa shati lake kuukuu.

Nikasema, "Baba watoto, nitakuuliza neno moja tu. Shamba lipo?"

"Lipo."

"Lote?"

Akacheka, akaipiga nguzo iliyokuwa karibu naye kwa kiganja, mara tatu, kama mtu anavyopiga meza. "Haki ya Mungu, shamba liko. Gari nimekopa ofisini. Umetosheka?"

Nikatosheka. Mtu akiapa hivyo utamwuliza nini tena?

Mvua kubwa ikaja. Banda lilisimama vizuri, halikuvuja hata tone. Asubuhi moja jirani yangu, mama wa kutoka pwani, mke wa mwalimu wa madrasa, akaniita juu ya ua.

"Shoga, hebu njoo. Mimi nangoja wewe uzae tena, kumbe nguzo imekutangulia."

Nilitoka nikiwa na unga mikononi. Kweli, nguzo ya sita ilikuwa imepasua chokaa. Machipukizi matano yalikuwa yametoka juu, karibu na mabati, ya kijani kibichi. Jirani akaendelea kucheka. "Nyumba yenye baraka hii. Leo nguzo, kesho kiti kitataga."

Mimi sikuweza kucheka. Majani yalikuwa matatu matatu, mapana, na kwenye kitawi kulikuwa na mwiba. Nilikwaruza chokaa kwa ukucha, nikaona ganda lile, na pale fundi alipochonga miiba kwa panga. Unga ulinikaukia mikononi. Jirani akaniuliza kama naumwa. Nilikuwa naiona, lakini kichwa kilikuwa kinakataa kusema jina lake.

Ilikuwa murembe.

Kwetu murembe haukatwi kuni, wala hautumiwi kujengea nyumba. Watu wawili wakigombania ng'ombe au mpaka na hakuna shahidi, wazee huwapeleka kwenye mti huo. Kila mmoja anaupiga akisema, kama nadanganya, unimalize. Anayedanganya hakai sana, na wakati mwingine mti huanza na watoto wake. Mimi ni mtu wa kanisa tangu utotoni, lakini kanisa lilinikuta tayari naujua murembe.

Nilikaa jikoni siku nzima kama mtu aliyepigwa kichwani. Chakula cha mchana kiliungua, nikawapa watoto uji. Gari lilipoingia saa kumi na moja, nilitoka nikasimama kando ya nguzo. Nilinyoosha kidole juu.

Alitazama. Kwanza hakuelewa, akadhani ni bati limelegea. Kisha nikaona uso wake unabadilika, midomo inapauka, akakaa juu ya bampa kama mzigo ulioachiliwa.

"Ndiyo niliyoipiga?" akauliza.

"Ndiyo."

"Kwa mkono upi?"

"Wa kulia."

Akautazama mkono wake wa kulia kama si wake. Kisha akainuka, akaingia garini, akalirudisha nyuma mpaka nje kwenye mvua, na tangu siku hiyo gari lile halikulala tena chini ya banda lake. Nilikuwa nimeshajua. Yule aliyesema kweli hawezi kuuliza ni mkono upi. Lakini nilitaka nisikie kwa kinywa chake.

"Umeuza?"

"Nimeuza."

"Lote?"

"Lote, mama."

Nikasema, "Na mtoto?"

"Nilimwonyesha mnunuzi. Nilimwambia pale asiguse. Amekubali."

Nilishukuru hata kwa hilo. Unaona mtu anavyoweza kushukuru.

Kesho yake tulimwita fundi. Alikuja na msumeno, akidhani tunataka kuondoa nguzo, na alishangaa kutuona tumekonda kama watu wa matanga. Alisema nguzo za kununua Kangemi zilikuwa zimepatikana tano tu, kwa hiyo ya sita aliikata kwenye mpaka wa shamba lake mwenyewe Kinoo.

"Hiyo ni muhuti," alisema. "Kwetu tunapanda mpakani. Ukikata tawi ukichomeka, inaota. Sasa si nikate tuweke ingine?"

Mume wangu alimshika mkono. "Usiguse hiyo mti."

"Bwana, mti ya ua?"

"Nimesema usiguse."

Fundi akanitazama mimi. Nikamweleza kwa ufupi, kwamba kwetu anayeweka chuma kwenye mti huo ni kama anaapa, na nyumba hii imeshaapa ya kutosha. Fundi hakucheka. Alivua ile kofia, nikaona kichwa chake kwa mara ya kwanza, kina upara. Akasema, "Hata sisi tuko na miti ingine hatugusi. Mngeniuliza. Na mimi ningewauliza."

Kwa hiyo ile nguzo ilibaki, ikawa mti. Miaka yote ya sabini tulitengeneza banda kwa kuuzunguka. Uliponenepa tuliyakata mabati tundu la kuupisha, na mvua ikaanza kuingia kwenye lile tundu, tukaziba kwa lami, ukanenepa tena ukapasua lami. Fundi alikuja kila mwaka, akihamisha misumari, akinyoosha papi, zile mbao nyembamba za chini ya mabati, zilizosukumwa, na hakuwahi kuugusa kwa chuma. Chini ya banda nilianika nguo na kuweka makaa. Wageni waliuliza gari liko wapi. Lakini nimekimbia mbele. Gari lilikwendaje, hilo ndilo neno.

Jumamosi iliyofuata tuliondoka alfajiri, sisi wawili, kwenda kwa mnunuzi, watoto tukawaacha kwa yule jirani wa pwani. Tulipita Kangemi, tukapita Kinoo, tukashuka Bonde la Ufa, na njia nzima hakuna aliyesema zaidi ya "punguza" na "nimeona". Mume wangu aliendesha kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ameuweka pajani. Kubadilisha gia aliachia usukani, akanyoosha uleule wa kushoto. Nilikuwa namhofia yeye, nilikuwa na hasira naye, na sikujua kipi kiko juu.

Mnunuzi, aliyeishi kando ya shamba lile, alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya reli, mtu wa pole, mwenye mke mnene aliyetuletea chai kabla hatujakaa. Mume wangu alisimama akasema kila kitu, bila kupunguza. Kwamba aliuza bila mkewe kujua. Kwamba aliapa uongo. Kwamba aliupiga murembe kwa kiganja, asijue kuwa ni murembe. Aliposema hivyo mzee yule aliweka kikombe chini na akasogeza kiti chake nyuma kidogo.

"Unataka nini kwangu?" akauliza.

"Chukua gari. Nirudishie shamba."

"Gari mimi nitaendesha wapi?"

Mke wake akasema kutoka mlangoni, "Baba, chukua gari. Hata ukiweka kuku. Shamba la murembe mimi silali juu yake."

Mzee akafikiri, akakubali. Mahindi yaliyokuwa yamepandwa yatakuwa yake mpaka avune, baadaye shamba ni letu. Walishikana mikono, mume wangu akatoa wa kushoto, na mzee hakuuliza kwa nini. Ufunguo ukawekwa juu ya meza kando ya sukari.

Ndipo nikasema, "Mzee, kabla hatujaondoka, nipeleke nimwone mtoto wangu."

"Mtoto yupi, mama?"

"Yule aliyelala hapo. Uliyeambiwa usimguse."

Mzee alimtazama mkewe, mkewe akanitazama mimi. "Hakuna mtoto niliyeambiwa," alisema taratibu. "Mume wako aliniambia ni shamba tupu."

Niligeuka. Mume wangu alikuwa anatazama chai yake. Huyu ni mtu aliyekuwa haendeshi kwa mkono wake wa kulia kwa kuogopa uongo, na uongo huo mwingine alikuwa ameniambia mbele ya nguzo ileile, majani yakiwa juu ya kichwa chake. Masikio yangu yaliziba. Nilimwona mke wa mzee akisema neno, midomo inakwenda, sisikii.

Tulitoka sote. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, yamestawi, kutoka barabarani mpaka mtoni, hakuna hata kipande kilichoachwa. Nyumba yetu haikuwa na alama. Jembe la ng'ombe lilikuwa limepita kila mahali.

Mume wangu akaanza kuzunguka. "Ilikuwa hapa," akasema. "Au hapa. Mlango ulitazama huku." Akapiga magoti akaanza kung'oa mahindi kwa mikono yote miwili, akifuta udongo, akitafuta yale mawe matatu tuliyoweka. Mzee alitaka kumzuia, mahindi ni yake, lakini mkewe akamvuta shati.

Mimi nilikuwa najua mahali. Kutoka jiwe la kufulia mtoni ni hatua thelathini na moja kupanda, kisha saba mkono wa kushoto. Nilizitembea siku tuliyomzika, mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Nilisimama pale penyewe, kati ya mistari miwili ya mahindi, nikamtazama akitambaa na kung'oa, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, jasho linamtoka. Aliniuliza mara mbili, "Mama, ni hapa?" Nikamwambia, "Endelea."

Nilishangaa kuwa mimi ndiye ninayesema hivyo. Alipofika katikati ya mstari wa nne, mke wa mzee alikuja akasimama kando yangu, akaniangalia miguu, nadhani akaelewa. Ndipo nikasogea hatua moja pembeni, nikamwita mume wangu, nikamwonyesha udongo niliokuwa nimeukanyaga.