Anyosisye na Shafti ya Mashine ya Mpunga

Anyosisye alikuwa mtoto wa mfinyanzi wa kabila la Wakisi, na hilo ndilo lililotaka kumponza. Mama yake, Tusekile, alichoma vyungu Ikombe, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, naye akakua akiamini kwamba kitu kikitakiwa kiwe kigumu, kiongezewe moto. Akaenda na imani hiyo hadi karakana ya Mwaya, zama za Mwingereza, akakabidhiwa bunduki ya kupulizia chuma: unaingiza waya, moto unauyeyusha, upepo unarusha matone yake juu ya chuma kilicholika.

Mwaka huo shafti, ule mhimili unaozungusha mashine ya kukoboa mpunga, ililika katikati ya mavuno. Wanawake wa kijiji cha Mbugani wakarudi kwenye vinu, mikono ikawatoka malengelenge. Anyosisye akaichoma shafti ikaiva nyekundu, akaisogelea, akapuliza. Lo! Ilipozungushwa, ganda la chuma alichopuliza likasagika kama chokaa. Akarudia kwa moto mkali zaidi. Likasagika tena.

"Wewe, huu si mtungi!" akafoka Hezroni, mkuu wa karakana. "Ukiharibu tena, shafti inakwenda kutengenezwa Mbeya na wewe unarudi kwenu ukakande udongo."

Maneno yalimchoma, bwana wee! Akashika tupa, akaanza kukwaruza kila kilichorukiwa na chuma chake. Ganda la shafti, tupa ililila bila shida. Lakini matone yaliyorukia jiliwa, kile kibano cha mezani, kule mbali, kwenye chuma baridi? Tupa iliteleza. Akakwaruza tena. Ikateleza tena. Kumbe! Tone likigonga chuma baridi kwa nguvu hupoa ghafla na kukakamaa; yeye alikuwa akililaza kwenye joto lilegee.

Safari hii hakuichoma shafti. Aliikwaruza iwe na meno ya kushikia, akarudi nyuma, akaongeza upepo, akapunguza mwendo wa waya ili matone yatoke madogo. Hezroni alisimama kakunja mikono. Chuma kilipopoa, Anyosisye akapitisha tupa, ikateleza. Akapiga ukelele wa furaha, hakujali nani anamsikia.

Mashine ikanguruma mpaka mavuno yakaisha, na ganda halikulika. "Ndaga fijo, fundi!" wanawake walimshukuru kwa Kinyakyusa na kumpigia vigelegele kila alipopita.

Halafu meli ya ziwani ikaharibika shafti, nahodha akaja Mwaya kuuliza nani anaweza.

"Mwiteni Anyosisye," akasema Hezroni. "Na atakayesimama pale kumfokea fundi wangu, atanitambua!"