Shibiri Mbili Kutoka Shimoni

Netta Imrie hakuwahi kuomba kutazamwa. Tangu utotoni, macho ya watu yalipomwelekea, mikono yake ilishikwa na mtetemo ambao hakuna dawa wala dua iliyoutuliza. Akiwa msichana mdogo alisimamishwa kanisani kusoma zaburi mbele ya waumini, kitabu kikamponyoka na kuangukia miguuni mwa mchungaji. Na katika mji kama Pitcarrow, ambako watu husahau misiba yao wenyewe upesi kuliko aibu ya jirani, kitabu kile kiliendelea kuanguka miaka nenda, miaka rudi.

Basi akajichagulia maisha ya nyuma ya ukuta. Alipika katika jiko la shule, akapakua supu ya shayiri na kuipitisha dirishani, wala watoto hawakuona kwake ila mikono hadi viwiko. Aliolewa na Alec, fundi wa paa, mtu mpole wa maneno machache, ambaye kila Jumamosi alikwenda kucheza gofu katika uwanja wa pwani kama walivyokwenda baba yake na babu yake, na kama ulivyokwenda mji mzima, mwenye nacho na asiye nacho. Netta alimfungia pai ya kondoo katika kitambaa, akabaki nyumbani. Alec alipofariki, fimbo zake zilisimama nyuma ya mlango, na mjane akawa kila apitapo huzigusa, mfano wa mtu agusaye bega la mgonjwa aliyelala.

Aliyezitoa nyuma ya mlango ni Ishbel Rankine.

Ishbel alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta na shoga yake tangu darasa la kwanza. Palipokuwa na woga kwa Netta, kwake palikuwa na kicheko. Alikuwa mwanamke mpana wa mabega, mwenye sauti ya kuita mbwa upepo ukivuma, na alicheza gofu tangu ujana wake.

"Shoga, hizi fimbo unazifuga kutu?" alimwuliza siku moja, akisukuma mlango bila kubisha. "Marehemu angefufuka angekuchapa nazo. Vaa viatu, twende."

"Mimi? Watu watanicheka mpaka meno yawadondoke."

"Nusu yao hawana meno. Twende."

Wakaenda. Seremala wa mtaani akazipunguza zile fimbo zilingane na kimo chake, na majira ya baridi yote, mikono ikiwa imekufa ganzi ndani ya sufu, Ishbel akamfundisha namna ya kusimama, namna ya kuzungusha kiuno, namna ya kuuacha mpira uondoke bila kuufukuza kwa macho. Zaidi ya hayo akamfundisha namna ya kuhimili wahka.

"Wakikukodolea macho," alimwambia, "wewe nitazame mimi. Wengine wote wafanye mawe. Ukiniona nimetulia, jua hakuna kilichoharibika."

Netta alilipokea neno hilo kama mtu apokeavyo amana. Na kweli lilimfaa. Kila moyo ulipomwenda mbio aliutafuta uso ule mpana mwekundu, akauona unatabasamu, na mikono yake ikatii.

Gofu ya watu wawili washindanao shimo kwa shimo, mwenye mipigo michache akilitwaa kila shimo, ina uungwana wake wa kale. Mpira wa mwenzio ukikaribia shimo kiasi kwamba kukosa ni muujiza, humsamehe mpigo ule. Humwambia auokote, na huhesabiwa kana kwamba ameutumbukiza. Ishbel alikuwa karimu mno katika jambo hili. "Okota, shoga," alikuwa akisema, hata mpira ukiwa umbali ambao wengine wangeukunjia uso. Baadaye hakusema tena. Aligeuka tu, akampa mwenzake mgongo na kuuendea mfuko wake wa fimbo, na mgongo ule ukawa ndio ruhusa. Netta aliuona, akainama, akaokota. Hata majira yalipobadilika, vichaka vya miiba vikachanua njano kando ya uwanja, Netta alikuwa amejua kupiga mbali na kupiga karibu, lakini hakuwa amewahi kusukuma mpira wa shibiri mbili shimoni huku jambo likiutegemea.

Kila mwaka wanawake wa klabu walishindania bakuli la fedha, na jina la mshindi likaandikwa kwa dhahabu juu ya ubao mlangoni. Ishbel alifika fainali mara kadhaa na kila mara alirudi mikono mitupu. "Ubao ule," alizoea kusema, "nimeufuta vumbi mara nyingi kuliko nilivyofuta uso wangu, na bado haunijui." Watu walicheka, naye alicheka kuwazidi.

Ni yeye aliyemwandikisha Netta. Mwaka ule mafua yaliwalaza wanawake wengi, wakajitokeza wanne tu. Na mpinzani wa kwanza wa Netta akateleza kwenye ngazi yake mwenyewe akavunjika kifundo cha mguu. Hivyo Netta Imrie, ambaye hakuwahi kushindana na mtu katika jambo lolote, alijikuta yuko fainali kabla ya kupiga mpira mmoja. Upande wa pili Ishbel alimshinda mwenzake bila jasho.

"Mimi na wewe, shoga!" alipaza sauti juu ya ukuta. "Kombe halitoki mtaani!"

Netta hakulitaka bakuli. Alilitaka jambo moja, tena alilitaka kwa nguvu iliyomshangaza mwenyewe: kusimama mbele ya mji wa Pitcarrow tangu mwanzo hadi mwisho, na mikono yake isimwangushe.

Siku ya siku aliuacha uji wa shayiri mezani. Alifunga vifungo vya sweta vikapishana, akavifungua, akavifunga tena vikapishana upande wa pili. Alipofika uwanjani akakuta watu wamejipanga kwenye kamba, naye Dod Meldrum, muuza nyama, yuko mbele.

"Netta!" aliita Dod. "Wewe uko huku, leo supu ya watoto nani anaikoroga?"

Kabla aibu haijampanda usoni, Ishbel alikwisha kujibu: "Dod, funga bakuli lako! Nyama yako ya Jumapili ilikuwa ngumu kuliko mpira huu, na mpira angalau unaruka!"

Kicheko kikamfunika Dod. Netta akamtazama rafiki yake, akaona tabasamu lile lile. Akavuta pumzi, akapiga. Mpira ulipinda kidogo kuifuata bahari, lakini ulikwenda mbele, na watu wakapiga makofi. Ndipo alipojua kwamba anaweza.

Miss Proudfoot, kiongozi wa wanawake wa klabu, mwanamke mkavu mwenye kofia ya sufu, alitembea nao akiwa mwamuzi. Kanuni ya klabu ilimpa mchezaji mgeni mpigo wa bure katika baadhi ya mashimo, na kwa msaada huo Netta hakuachwa nyuma. Ishbel akishinda shimo moja, Netta hulirudisha jingine. Mpira wa Netta ulipokaribia shimo kwa mara ya kwanza, Ishbel alisema wazi mbele ya mwamuzi, "Okota, shoga." Mara zilizofuata hakusema. Aligeuza mgongo, Netta akaokota, wakaendelea, wala hapana aliyehoji.

Wahka ulimjia mara nyingi. Kwenye handaki la mchanga lililoitwa Kaburi mpira wake ulizama. Akamtazama Ishbel, Ishbel akamkonyeza, mpira ukatoka. Hata watu waliokuja kucheka wakaanza kunyamaza kwa heshima, na Dod Meldrum akasikika akimwambia jirani yake, "Yule mama ana moyo, bwana. Tulikuwa hatumjui." Netta alilisikia neno hilo, akaona linamwingia mwilini kama moto wa makaa.

Lakini Netta hakuona jinsi Ishbel alivyokuwa akipungukiwa na maneno kadiri jumba la klabu lilivyokaribia. Mtu aliyejaa shukrani huwa hana macho ya kuchunguza.

Walilifikia shimo la mwisho wakiwa sawasawa. Upepo wa bahari ulikuwa umekaza, watu wamelizunguka zulia la majani mafupi. Ishbel alipiga vibaya mara mbili, akamaliza kwa mipigo sita, akauokota mpira wake bila kumtazama mtu. Netta alikuwa amepiga mitano, na shimo hili halikumpa mpigo wa bure. Mpira wake ulikuwa umekaa shibiri mbili kutoka shimoni. Akiutumbukiza, wangekuwa sare na kurudi kucheza shimo la ziada.

Macho yote ya Pitcarrow yalikuwa juu yake, na mtetemo ukaanza katika vidole vidogo, ukapanda. Akafanya kama alivyofundishwa. Alimtafuta Ishbel.

Ishbel alimtazama usoni, akatabasamu. Kisha akageuka taratibu, akampa mgongo, akauendea mfuko wake.

Netta alihema. Akainama, akaokota mpira.

Sauti ilitoka kwa watu, si kelele wala si kilio, ni pumzi ya wengi iliyokatika kwa pamoja. Miss Proudfoot akasogea.

"Bibi Imrie, umeokota mpira."

"Ndiyo, amenisamehe."

Miss Proudfoot akageuka. "Bibi Rankine, umemsamehe mpigo huu?"

Ishbel alikuwa ameinamia mfuko wake. Aliinuka na leso mkononi. "Mimi? Sikufungua mdomo."

"Leo kila ulipogeuka, ulikuwa umesamehe."

"Zile, ndiyo. Hii nilifuata leso. Upepo huu unanitoa machozi."

Miss Proudfoot akamrudia Netta, na sauti yake ikalainika. "Bibi Imrie, sikiliza vizuri. Asiposamehewa mtu akaokota, hulipa mpigo mmoja na bado hudaiwa ule wa kutumbukiza, na hapo umeshindwa. Je, ulimsikia akikusamehe?"

Neno moja lilitosha. Angesema *ndiyo*, nusu ya watu wale wangeapa kwamba nao walisikia. Ishbel alisimama kando, leso puani, akingoja jibu la rafiki yake kama wengine wote wanavyongoja. Na Netta akatambua kwamba Ishbel hana wasiwasi hata kidogo. Alikuwa anajua litakavyokuwa jibu. Alimjua mwenzake hata mahali hapo, ndani kabisa, ambapo uongo haupiti, na hapo ndipo alipokanyaga. Wahenga walinena kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hawakusema kwamba halikuli.

"Hapana," alisema Netta. "Sikumsikia."

"Una haki ya kulalamika. Kamati itakaa."

Netta akamtazama Ishbel kwa mara nyingine, si kwa ajili ya mikono yake sasa. Alimpa nafasi. Neno dogo lingetosha, hata la utani. Ishbel akaikunja leso mara mbili, akaitia mfukoni.

"Sitalalamika," akasema Netta, na akamnyoshea mkono kama desturi itakavyo. "Hongera, Ishbel."

Hakumwita shoga. Ishbel alilisikia hilo, kwa kuwa mkono wake ulikawia kidogo kabla ya kuupokea.

Na mikono ya Netta haikutetemeka. Katika jumba la klabu, ambako desturi humtaka aliyeshindwa ammiminie mshindi divai tamu ndani ya bakuli, aliimimina hadi ukingoni bila kudondosha tone, mji mzima ukimtazama. Watu wakamsifu kwa utulivu wake. Jambo alilolitaka kwa nguvu zote alikuwa amelipata, naye alilishika kama mtu ashikaye chombo cha jirani, akitafuta mahali pa kukiweka. Bakuli lilipozunguka likamfikia, alilipokeza mbele bila kulionja.

Jumatatu ilikuwa siku ya kufua. Nyuma ya nyumba zao kulikuwa na ua mmoja wa majani na kamba za nyumba zote mbili. Netta alikuwa anaanika mashuka Ishbel alipotoka na karai lake.

"Upepo mzuri leo," alisema Ishbel.

"Mzuri. Yatakauka mapema."

Wakaanika. Shuka lilikuwa katikati yao, likitunisha tumbo na kunywea.

"Umeninunia," alisema Ishbel kutoka upande wa pili.

"Sikununa."

"Umenuna, nakujua. Mchezo tu ule, Netta. Sikuvunja kanuni hata moja. Muulize Proudfoot."

"Nilimsikia Proudfoot."

Ishbel akafunga kibanio, kikamponyoka, akakiokota. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imeshuka. "Haya, nilijua utaokota. Siwezi kusimama mbele ya Mungu niseme sikujua. Lakini miaka yote ile, jina langu halipo pale ubaoni, unajua lilivyokuwa likiniuma? Hata ukipiga pengine ungekosa. Hukuwahi kupiga hata mmoja wa namna ile."

"Najua sikuwahi," alisema Netta. "Nani aliyenizuia?"

Ishbel alilisogeza shuka. Akatokeza kichwa, uso wake mwekundu ukiwa umevimba kama wa mtu aliyelia au aliyekosa usingizi. "Basi niambie. Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Sema kweli."

Netta alifikiri, kwa kuwa ameombwa kweli naye hakuwa na kitu kingine cha kumpa. Alifunga kibanio cha mwisho, akaliinua karai lake tupu.

"Ningekwambia, hiyo bado, shoga. Piga."

Kisha akaingia ndani, akaufunga mlango polepole, maana hakuwa mtu wa kubamiza milango. Ishbel alibaki uani na nguo zake mbichi, akingoja, kama ilivyokuwa desturi yao kila Jumatatu, dirisha la jikoni lifunguliwe na aitwe kunywa chai.