Siku Nilipoyashtaki Maziwa ya Mama Hawa

Nimechoka kuulizwa kwa nini nikija Garsen huzunguka nyuma ya soko badala ya kupita penye wauza maziwa, basi leo nakiri mwenyewe, aibu na yote, nipumzike.

Kazi yangu ni leza za mipigo mifupi mno (mbele yake, kupepesa jicho ni karne nzima): unakipiga kitu kwa mwanga, kikang'aa, kisha unapima kinavyofifia, kwani kila kemikali hufifia kwa mwendo wake. Nilitaka kuyapima maziwa ya kwetu, hivyo nikawaomba wafugaji wakamulie moja kwa moja kwenye chupa zangu za maabara. Chupa zikaisha kabla ya zamu ya Mama Hawa, mama wa Kiorma, akanipa kibuyu chake nami nikakipokea bila swali. Kule Nairobi, sampuli zote zilikuwa safi isipokuwa yake.

Niliporudi Garsen na majibu, ningepaswa kumwita kando. Lakini msomi akipewa nafasi ya kusema (na mwenyekiti wa soko alinipa) husema, nikatangaza mbele ya wateja kwamba maziwa ya Mama Hawa yana kemikali ngeni. Mteja mmoja akamwaga yake chini papo hapo. Wengine wakaondoka.

"Daktari," akaniita Mama Hawa, taratibu, "ulipima maziwa au kibuyu?"

"Maziwa, mama."

"Kibuyu nakifukiza kwa vijinga vya moto kila asubuhi. Wewe mtoto wa hapo Idsowe, umekunywa maziwa yetu tangu huna meno. Moshi huujui?"

"Pua ameiacha Nairobi!" akadakia jirani yake, na soko zima likaangua kicheko.

Badala ya kunyamaza, nikaanza kueleza kisayansi jinsi masizi yanavyong'aa, wakazidi kucheka. Nikaomba radhi kwa sauti, nikanywa vikombe viwili mbele yao, lakini waliokwisha kuondoka hawakuyasikia hayo, na kufikia adhuhuri maziwa yake yalikuwa yamechacha kwa joto.

"Nenda kapumzike, mwanangu," akaniambia, akifunga vibuyu vilivyojaa. Afadhali angenitukana.

Baadhi ya wateja wale hawajarudi kwake hadi leo. Nami siwashi tena leza kabla ya kuuliza chombo kilisafishwaje, na nikiwa na habari mbaya humpelekea mwenyewe kwanza, mlangoni kwake, kwa sauti ndogo.