Rafiki wa Marehemu

Mzee Povu alikuwa na kila kifaa cha biashara yake isipokuwa haya usoni. Alikuwa na mashine ya kufyonza maji, brashi za kila namna na madumu ya sabuni yaliyojaa mpaka uvunguni mwa kitanda, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuosha makochi na mazulia ya watu. Jina alipewa na mtaa, na wala si kwa ajili ya sabuni peke yake. Mdomo wake nao ulitoa povu kutwa.

Siku moja akaenda semina ya wajasiriamali. Mtaalamu mmoja, mwenye suti ya kubana na biashara isiyojulikana, akawaambia: "Jengeni mtandao! Wafuateni watu waliko, msikae kusubiri!" Wenzake wakafikiria masoko na maofisi. Yeye, ajabu ya Mungu, akafikiria misiba.

Tena alikuwa na hesabu zake, msimwone mjinga. Msibani makochi hutolewa nje yakakaliwa na umati, yakamwagiwa chai, na mazulia yakakanyagwa na viatu vya kila mpita njia. Swahiba wake mwenye kukodisha maturubai alimpigia simu kila alipopata kazi ya msiba. Basi Mzee Povu huyoo, shati jeusi, leso mkononi, anaingia kwa watu asiowajua na kuangua kilio kuwashinda wafiwa. Akimaliza anashika tama: "Marehemu tulisoma wote. Marehemu alikuwa mtu wa watu." Marehemu, marehemu! Neno hilo lilimfaa kuliko sabuni, maana ukishakuwa nalo huna haja ya kujua aliyekufa ni nani. Makochi yakianza kurudishwa ndani, kadi ya biashara inachomoka mfukoni. Mfyuu! Mkewe alimsema mpaka akachoka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Sasa binti yake wa pekee akapata mchumba, fundi umeme, kijana mpole. Kijana alikuwa amefiwa na baba, kwa hiyo siku ya kujitambulisha angekuja na shangazi yake, na huyo shangazi ndiye mwenye neno la mwisho katika ukoo wao. Siku ilipofika, binti akamfuata baba yake sebuleni.

"Baba, leo nakuomba sana. Usiuze kitu. Kaa tu, zungumza kidogo. Shangazi yao akikataa, mimi ndiyo basi tena."

"Kwani unanionaje mimi?" akajibu, kifua mbele.

Wageni wakaingia. Kijana akampa mkono baba mkwe, kisha asiuachie.

"Mzee, si wewe uliyelia kwenye msiba wa baba? Ulisema mlisoma wote. Nimekutafuta sana!"

Mtu mwenye akili angesema, mwanangu, umenifananisha. Hata kukohoa kungetosha. Lakini Mzee Povu, ambaye hakumkumbuka kijana wala msiba wenyewe, akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Ndiye mimi, mwanangu! Dunia ndogo hii."

Macho ya kijana yakalowa. Baba yake, akaeleza, alifanya kazi mbali maisha yake yote, akirudi nyumbani kwa likizo tu, na yeye hakuwahi kumjua sawasawa. "Nisimulie, mzee. Alikuwaje utotoni? Chochote tu."

Binti akamtazama baba yake kwa macho ya kumsihi. Mkewe akainuka kwenda jikoni, hakutaka kusikia.

"Aa, babako!" povu likaanza. "Tulicheza timu moja ya mpira. Winga ya kulia, huyo! Mimi nampa pasi, yeye anachomoka, anafunga. Mbio zile sijaziona tena kwa mtu."

Shangazi akaweka kikombe chini taratibu.

"Kaka yangu alitembea kwa magongo tangu utotoni," akasema. "Mguu wake mmoja haukuwahi kukanyaga chini."

Njia ya mwongo fupi, jamani. Mzee Povu akajaribu kujikwamua. "Labda... labda nimemchanganya na mdogo wake."

"Hakuwa na mdogo wa kiume. Hebu niambie, ndugu yangu. Marehemu alikuwa anaitwa nani?"

Akatazama dari. Akatazama ukuta. Kisha, aibu gani hii, akamtazama binti yake, kama mwanafunzi anayetaka kuibia jibu kwa jirani. Binti alilijua jina lile. Mchumba wake alilitaja kila siku. Akafunga mdomo wake.

Kijana hakugomba. Angegomba ingekuwa afadhali. Alikaa akiitazama mikono yake, mtu aliyefiwa mara ya pili, halafu akamshika shangazi yake mkono wakatoka. Hakuna aliyeaga. Chai yao ilibaki mezani haijafika nusu.

Mlango ulipofungwa, Mzee Povu akapata sauti, kama ilivyo ada yake.

"Watu wa kisirani hawa! Kosa dogo tu la kumbukumbu, wanasusa mpaka chai. Afadhali wameondoka."

Binti alikuwa akikusanya vikombe. Hakulia, wala hakuinua sauti.

"Na mimi nikifa, Baba," akasema, "utawaambia tulisoma wote?"